Riwaya Nene na Kiboko wa Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeaibika mbele ya chakula. Muuza dawa wa duka la jirani alipita nyumbani jioni kurudisha mwavuli. Mke wangu akamkaribisha mezani. Wakaanza maongezi yao. Kumbe yule mjane alijua tangu mwanzo! Alijua, tena akanyamaza! Na yule shemeji yake, mnafiki mkubwa! Nikadhani wanamsengenya mama mwenye nyumba wetu. Sikutaka kupitwa. Nikasema hata mimi nilimshuku tangu alipobadilisha kitasa cha geti.

Muuza dawa akaiangalia sahani yake. Mke wangu akanieleza taratibu, kama anayemweleza mgonjwa, kwamba mjane huyo yuko ndani ya riwaya wanayoisoma wote wawili.

Wote wawili!

Zamani alikuwa akinisimulia mimi. Tukikunja nguo, ananisimulia. Nikipiga mswaki, yuko mlangoni ananisimulia. Siku hizi hadithi zote zinakwenda kwa mtu wa dawa za kikohozi. Chanzo ni ule ubao. Mkutubi wa maktaba ya mtaa ametundika ubao mlangoni: UNASOMA NINI SASA HIVI? Kila mwanachama anaandika chake, na Jumamosi wanakutana kusimuliana. Mke wangu mwanachama. Muuza dawa mwanachama. Mimi, fundi miwani, niliyewawezesha nusu ya mtaa huu kuziona herufi, si mwanachama.

Kesho nitakuwa.

Jumanne, 5 Machi

Nimejiandikisha. Nikamwomba mkutubi riwaya. Akauliza ya namna gani. Nikasema ya namna nene. Nimepewa ya kurasa mia saba na kumi na mbili, jalada la kahawia, picha ya jangwa. Nikaiandika ubaoni chini ya muuza dawa. Nikaifuta. Nikaiandika juu yake.

Ukurasa wa kwanza: majina ya ukoo. Wa pili: ukoo unaendelea. Wa tatu: upepo. Wa nne: upepo ule ule. Nilipoamka, shavu langu lilikuwa ukurasa wa tano.

Mama mkwe ndiye aliyenifunika shuka. Anakaa kwetu tangu alipopasuliwa jicho. Miwani yake nimemtengenezea kwa mikono yangu, na tangu aivae hajainua kichwa. Anasoma vitabu vya katuni, toleo baada ya toleo, vya kiboko mmoja mpelelezi anayevaa koti na kukamata wezi. Mimi mkwe mwenye adabu, sijawahi kuuliza. Lakini leo toleo moja lilikuwa wazi mezani. Kiboko amejificha ndani ya beseni la kufulia, pua tu iko nje. Nikasoma ukurasa mmoja. Nikasoma matoleo mawili.

Mama mkwe akakohoa nyuma yangu. Nikaruka, nikasema shikamoo, ingawa nilishamwamkia asubuhi.

"Marahaba, baba," akasema. "Soma tu. Ila usinikunjie pembe za kurasa."

Ile haihesabiwi kusoma. Ni kupumzisha macho. Mambo ya macho nayajua mimi.

Jumatano, 6 Machi

Mbinu ya leo: nimevua jalada la riwaya nikaivisha katuni. Nje jangwa, ndani kiboko. Nikakaa kaunta dukani, uso wa msomi.

Uso haukudumu. Kiboko alipokwama kwenye lifti nilicheka mpaka nikaangusha fremu tatu. Wateja wakauliza nasoma nini. Nikawaonyesha jalada. Kufika alasiri, watu watano walishakwenda maktaba kuiulizia ile riwaya ya kuchekesha. Mkutubi akaja dukani mwenyewe. Akasema miaka kumi na miwili ameazimisha kitabu kile na hakuna aliyewahi kukicheka. Akanishika mkono. Akasema Jumamosi nitasimulia wa kwanza.

Kisha akaja muuza dawa. Riwaya ile aliisoma zamani. Akauliza nimefika wapi. Nikasema ukurasa wa mia nne na sita. Akashika kifua. "Aah. Pale kwenye maziko."

Nikajifuta kicheko haraka. Nikasema kila mtu na msiba wake.

Akasema mke wangu anaingoja Jumamosi kwa hamu. Anaingoja! Kamwambia yeye, mimi hakuniambia!

Basi sharti niijue riwaya ile. Zimebaki siku tatu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wamesema wahenga. Hawakusema ainame mwenyewe.

Alhamisi, 7 Machi

Ningezaliwa na akili mbili kama hii ningekuwa hatari. Kila mteja anayechukua miwani lazima aijaribu kwa kusoma. Kwa kawaida nawapa kijibao chenye sentensi nne. Leo nikawapa riwaya! Kurasa tatu kila mmoja, kwa sauti, mimi nafuta lenzi na kusikiliza.

Fundi bomba alinisomea harusi, vizuri mno, na sauti ya bibi harusi akaiigiza. Mwalimu mstaafu akanisomea ngamia aliyeibwa. Kisha mama mmoja mshonaji akaangukia kwenye maziko. Akalia. Miwani ikaingia ukungu. Akasema haoni kitu. Nikaifuta. Akasoma mstari mmoja, akalia tena, akasema lenzi zangu mbovu. Mwalimu mstaafu naye alikuwa hajaondoka. Akamnyang'anya kitabu, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaapa haondoki mpaka ajue kama ngamia amepatikana. Foleni ikatoka nje hadi barazani.

Tajiri yangu, mwenye duka, akatokea. Akauliza hapa ni duka la miwani au matangani. Nikasema ni huduma mpya. Akasema huduma mpya ife leo leo, ama tufe nayo mimi na kazi yangu.

Si kitu. Nimevuna! Harusi ninayo, maziko ninayo, ngamia ninaye, na ugomvi wa kisima. Kasoro moja ndogo: kila mteja alifungua alipopenda. Sijui kipi kilitangulia kipi.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeandika matukio kwenye vikaratasi nikavipanga mezani. Bwana harusi anazikwa, kisha anaoa. Hapana. Anaoa, anazikwa, kisha anagombania kisima. Hapana tena. Nikampa kisima mjomba wake. Afadhali.

Mke wangu akaingia ghafla. Nikavilalia vikaratasi. Akauliza vipi. Nikasema mgongo. Akanitazama kidogo, akasema kesho atakaa mstari wa mbele. Moyo ukanienda mbio kama cherehani.

Mapengo yaliyobaki nitayaziba papo hapo. Mtu mzima hakosi la kusema.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika alasiri hii, masikio bado yanawaka.

Tulikuwa watu kama ishirini. Mama mkwe naye alisema anakuja, akanishika mkono njia nzima. Nikaanza vizuri. Harusi ikapendeza. Kwenye maziko mama mshonaji akalia upya, nikaona mkutubi anafurahi. Mke wangu alikuwa ameegemea mbele, kidevu mkononi. Vile alivyokuwa akiniangalia zamani!

Nikafika kwa mwizi wa ngamia. Lazima akamatwe. Na nani? Pengo. Mdomo ukajiendea wenyewe. Nikasema mjomba wa marehemu alivaa koti, akajificha ndani ya beseni la kufulia, pua tu nje.

"Jirani," akasema muuza dawa kwa upole, "beseni, katikati ya jangwa?"

Nikasema ndiyo maana mwizi hakulitarajia.

"Na mjomba alienea vipi humo?"

"Kwa shida," nikasema. "Ana kilo elfu mbili."

Sauti ikatoka nyuma. "Kiboko wangu huyo! Toleo la saba!" Mama mkwe. Alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Ukumbi mzima ukafuata. Mwalimu mstaafu alipiga meza. Nikamtazama mke wangu: amefunika uso kwa viganja, mabega yanatetemeka. Nikajua analia. Nimemwaibisha mbele ya maktaba nzima.

Hapo nikachoka na hila. Nikasema ukweli, nimesimama vile vile. Kwamba nimesoma kurasa nne, na mbili zote ni upepo. Nikamwambia mke wangu, "Nilitaka tu unisimulie mimi tena."

Akaondoa viganja. Machozi yalikuwapo, ila ya kicheko. "Wewe mwanaume," akasema, "si ungesema tu? Kila nikianza kukusimulia ulikuwa unasema subiri kwanza nimalizie fremu hii. Nikaacha."

Ni kweli, nilikuwa nasema hivyo.

Njiani akaniuliza kiboko alitokaje kwenye beseni. Nikamsimulia. Akanishika mkono, tukavuka barabara mbili bila kuachiana. Nyumbani tukakaa kitandani, toleo la saba katikati yetu. Anafunua kurasa haraka kuliko mimi. Namwachia. Kisha akanisimulia habari za mjane, tangu mwanzo, na mimi sikushika fremu hata moja.

Sina haja tena ya ubao wa mtu. Nimekua.

Jumatatu, 11 Machi

Nimepita maktaba, kupita tu. Ubaoni, kwa mwandiko wa muuza dawa: KATUNI ZA KIBOKO, TOLEO LA KWANZA HADI LA ISHIRINI. Ishirini kwa siku moja! Mwenyewe alikuwapo; anasema simulizi yangu ilimvutia mno. Anasema jioni atapita nyumbani tumjadili kiboko, yeye, mimi na mke wangu, watatu pamoja.

Watatu!

Nikachukua chaki. Nikaandika juu yake kwamba mimi niko toleo la hamsini. Mkutubi akapiga makofi, akaniweka wa kwanza tena Jumamosi.

Nikaenda mbio kwa mama mkwe kuazima toleo la hamsini. Akashusha miwani. "Baba," akasema, "yaliyochapishwa ni thelathini na moja."

Sawa. Sirudi nyuma. Nimenunua penseli sita na rula. Kiboko ni miduara mitatu tu na masikio. Nimeshamchora wa kwanza, katoka na uso wa muuza dawa kabisa.

Vizuri. Huyo ndiye mwizi.