Shangazi, Rimu za Inchi Ishirini na Mkokoteni wa Punda

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, na walioniaibisha ni matairi yangu mwenyewe. Nimekaa hapa nyumbani Nkuhungu, nimeoga mara mbili na bado nanuka maziwa. Nawasimulia mapema kabla hamjasikia kwa Debora, maana yeye atatia chumvi (na hakuna haja, iliyopo inatosha).

Mnaijua pikapu yangu. Dabo kebini nyeupe, ndiyo inayobeba vioo na fremu za aluminiamu ninazofunga kwenye nyumba za watu hapa mjini. Mwezi uliopita niliamua kuipendezesha. Nikang'oa magurudumu iliyokuja nayo, rimu za chuma za inchi kumi na tano zenye matairi manene, nikafunga rimu za inchi ishirini zinazong'aa. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Trekta lina gurudumu kubwa, linapita popote. Baiskeli ya mtoto ina gurudumu dogo, inakwama kwenye kila kijiwe. Kwa hiyo ukiongeza rimu, gari linakuwa laini. (Fizikia nilifaulu, msiniulize vipi.)

Fundi wa matairi alijaribu kunieleza. Alisema gurudumu zima halijakua, kwa sababu lazima lienee palepale lilipokuwa la zamani. Kilichokua ni chuma cha katikati, na chuma kikinenepa mpira unakonda. Akapima ubavu wa tairi jipya kwa vidole, vikaenea vinne tu. Upepo ulio ndani ya mpira ndio godoro la gari, akasema, na wewe umeamua kulalia mkeka. Nikamwambia afunge nati aache maneno. Wiki iliyofuata vioo viwili vikanipasukia njiani, nikamlaumu aliyeniuzia.

Magurudumu ya zamani niliyapeleka Mlali, kwao Debora. Debora ni mchumba wangu. Nikamkabidhi kaka yake, Elia, mbele ya wazee, nikasema wayafunge hata kwenye mkokoteni, mimi sina kazi nayo tena. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyefanikiwa. Wazee wakashukuru.

Sasa leo. Barua yangu ya posa wameshaipokea, lakini kabla ya kujibu walimteua shangazi yake Debora, Shangazi Yudita, aje Nkuhungu aone ninapoishi na amsalimie mama yangu. Neno atakalosema yeye ndilo jibu la ukoo. Baba yake Debora aliniambia hivyo mwenyewe, na hakuwa anacheka. Walitaka kumpandisha basi. Nikakataa katakata. Shangazi apande basi, na mkwe ana gari? Alfajiri nikawasha kwenda Mlali kumchukua.

Nilimkuta ameshajiandaa. Shikamoo Shangazi, marahaba mkwe. Amevaa kitenge kipya kabisa, amekumbatia kibuyu cha maziwa ya mgando cha kumpelekea mama. Nikamfungulia mlango wa mbele, akaupita. Kwa heshima ya ukwe hawezi kukaa bega kwa bega na mimi, kwa hiyo akapanda nyuma, kibuyu mapajani. Nami nikakigeuza kioo cha ndani kidogo nisije nikamtazama usoni. Adabu ninayo, wallah, nilichokosa ni akili.

Elia alikuwa ameshatangulia na mkokoteni wa punda, anapeleka alizeti ikakamuliwe mafuta kule kwenye lami. Jana alinipigia simu akiomba nimbebee magunia yake. Nilimkatalia, nikasema mzigo utaharibu mkao wa gari. (Fundi ameniambia jioni hii kwamba mzigo ule ungetuliza springi za nyuma. Asante, fundi. Umechelewa.)

Tukaondoka. Barabara ya vumbi kutoka pale imejikunja kama bati la paa, lakini nilikuwa na dawa yake: ukienda kasi, gari linapita juu ya mikunjo bila kuisikia. Basi nikakanyaga mafuta. Dashibodi ikatetema. Meno yakatetema. Nikaona nimtulize Shangazi kwa mazungumzo, nikaanza kumsifia magurudumu yangu, lakini kila neno lilikuwa linatoka vipande vipande. Yeye hakujibu hata moja. Nikachukulia kwamba ameridhika.

Njiani tukampita Elia. Amekaa juu ya magunia, punda wawili wanatembea bila haraka. Nikapiga honi ndefu, nikamwachia wingu la vumbi. Alinipungia mkono huku anakohoa. Nilijisikia vizuri sana, siwezi kuwaficha.

Mbele kidogo kuna kikorongo kinachokatiza barabara. Kwa magurudumu ya zamani nilikuwa nakipita huku nakunywa soda. Leo ya mbele yaligonga, paa! Ya nyuma yakagonga kwa nguvu zaidi, nikasikia kizibo kinaruka na kugonga dari. Kisha kitu cha baridi na kizito kikaanza kunishuka shingoni, kikaingia ndani ya shati na kuendelea na safari yake.

"Simamisha, mkwe," Shangazi akasema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

Nilitupa jicho mara moja tu. Maziwa kwenye kilemba. Maziwa kwenye nyusi. Kile kitenge kipya sikukitambua. Na hapo ndipo nilipogundua nimekamatika, maana mkwe haguswi. Siwezi kumfuta. Siwezi kumshika mkono ashuke. Hata kusimama mbele yake nimkodolee macho akiwa katika hali ile siwezi. Nikatafuta kitambaa, kilichokuwepo ni kile ninachong'arishia rimu (safi kuliko vitambaa vyote nilivyonavyo, ole wangu). Nikamwendea kinyumenyume, mgongo umetangulia, mkono nimeunyoosha nyuma na kitambaa kinaning'inia.

Wakati huo huo akina mama watatu wenye ndoo za maji wakatokea. Walichokiona ni mwanaume anayetembea kinyumenyume kulifuata gari lake mwenyewe, maziwa yanamtiririka mgongoni. Wakatua ndoo kabisa ili watazame vizuri.

Elia naye akafika na punda wake. Shangazi alishuka mwenyewe, akakung'uta kitenge, akapanda juu ya magunia ya alizeti na kujiweka sawa. Nikamsihi arudi garini. Nikasema jua litakuwa kali, na mkokoteni utamchosha.

"Juzi nimetoka kisimani juu ya mkokoteni huu na ndoo imejaa," akasema. "Haikumwagika hata tone. Wewe tufuate taratibu, tutakutana kwenye lami."

Nikautazama mkokoteni. Rimu za chuma, inchi kumi na tano. Matairi yenye ubavu mnene. Na ubavuni, kwa rangi nyeupe, herufi za jina langu nilizochora mwenyewe ili wezi wasiyabadilishe! Elia alikuwa amefanya vilevile nilivyomwagiza mbele ya wazee. Punda wakavuta, gurudumu likaingia kwenye kikorongo kilekile, mpira ukabonyea, ukainuka, na Shangazi hakutikisika hata kilemba.

Basi msafara ukawa hivyo. Punda mbele, pikapu nyuma na gia ya kwanza, rimu zinametameta juani. Kila tuliyekutana naye alimsalimu Shangazi kwa Kigogo, mbukwenyi, akauliza kulikoni, naye akamweleza habari yote tangu mwanzo. Mzee mmoja alinyoosha fimbo yake kunielekea.

"Yule wa nyuma ndiye mkwe?"

"Ndiye. Anakuja."

Kwenye lami alirudi garini, na kusema kweli kwenye lami gari langu linateleza vizuri sana. Sikulitaja jambo hilo. Tulipofika Nkuhungu, mama alimpokea, akamfulia kitenge, wakajifungia chumbani kuzungumza. Kisha nikasikia kicheko. Kikatulia. Kikaanza upya. Nilikuwa sebuleni nimekaa na shati langu lililolowa, nikijua kabisa wamefika kwenye sehemu ya kitambaa.

Alasiri akampigia simu baba yake Debora, akaiweka sauti ya nje ili wote tusikie. Mwaka mzima nimemngoja Debora, na sasa kila kitu kimeshikwa na shangazi mwenye harufu ya maziwa.

"Nyumba nimeiona, ni nzuri," alisema. "Mama yake ana upendo. Na kijana ana heshima, amenipa kitambaa bila kunitazama. Jibu ni ndiyo."

Nilitaka kuruka. Sikuwahi hata kunyanyuka kwenye kiti.

"Ila siku ya harusi mtoto wetu ataondoka kwa mkokoteni," akaendelea. "Bibi harusi hapandi gari la huyu."

Nikatoka nje nikampigia Elia, nikamwomba kwa unyenyekevu wote anirudishie magurudumu yangu. Akasema mawili yako kwenye mkokoteni na punda wameshayazoea, hawatakubali mengine. Nikamuuliza hayo mawili mengine. Akasema nikaangalie mlangoni kwangu.

Nikaangalia. Pale Shangazi alipovua viatu palikuwa na katambuga mpya, zimekatwa kwenye tairi, soli nene ya kupendeza. Ya kushoto ina nusu ya herufi yangu ya kwanza kwa rangi nyeupe. Shangazi akaniona nimeinama hapo, akasema zinamfaa sana miguu, na kwamba ukoo mzima wanazo.

Kwa hiyo natafuta matairi manne ya inchi kumi na tano, yenye ubavu mnene, kabla ya harusi. Aliyenayo anipigie. Asiyenayo naomba apite kimya kimya, cha kuchekwa leo nimeshachekwa hadi na mama aliyenizaa.