Skolastika, Kiuno Ishirini na Sita

Leo nimeaibika mbele ya wanawake watano, mume wa mtu na kuku. Nawaandikia nyie wa kundi hili kabla Mama Gaudensia hajawafikia, maana yeye anasimulia haraka kuliko mimi ninavyoandika. Mnivumilie.

Mnajua nina kibaraza cha kushonea hapa Shanwe. Nilikinunua miaka miwili iliyopita kwa Fundi Mashaka, alipohamia kwa mwanawe Sumbawanga. Cherehani, pasi ya mkaa, meza na benchi, vyote pamoja vilikuwa vya laki nne. Yeye alitaka laki saba.

"Hizo tatu za nini, fundi?" nilimuuliza. (Kwa sauti ndogo. Mnanijua.)

"Kilemba," akasema. "Jina langu na watu wangu."

Akaniwekea mezani daftari la vipimo. Wateja sitini na wawili, kila mmoja na ukurasa wake: mabega, kifua, kiuno, urefu na namba ya simu. Nikalipa. Nilijiona nimenunua nusu ya Mpanda.

Wiki ya kwanza tu, akaja msichana kutoka Misunkumilo. Alikaa kwenye benchi anakula karanga.

"Fundi Mashaka yuko wapi?"

"Amehama. Lakini vipimo vyako ninavyo."

Akacheka. Akaniuliza kama vipimo vyake nimevikariri. Nikaanza kupiga pasi meza. (Meza tupu. Bila nguo.) Akasimama, akasema, "Haya, nitarudi." Akaenda zake. Skolastika. Ukurasa wa arobaini na moja.

Maganda yake ya karanga yalibaki chini ya benchi. Nilifagia kila mahali isipokuwa pale. Siku ya nne upepo ukayachukua, sikuulizwa.

Tangu siku hiyo, kila jioni nikifunga mashine naangalia kwanza barabara ya Misunkumilo. Miaka miwili. Si kwamba nilikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu arudi kama alivyosema.

Sasa, kuna Dada Vumi. Amesomea uhasibu, ndiye anayetuandikia vitabu vya kikundi chetu cha mafundi. Mwaka jana alinikalisha akanieleza.

"Ulilipa zaidi ya vitu unavyoweza kuvishika," alisema. "Hiyo ziada wahasibu wanaiita gudwili. Kwenye vitabu ni mali yako, kama cherehani. Ila cherehani tunaishusha kidogo kila mwaka kwa kuchakaa. Hii hatuishushi hivyo. Hii tunaipima."

"Kwa futi?"

"Kwa ukweli. Kila mwaka unauliza: hao watu niliowalipia, bado wananiletea kazi? Kama hawaleti, unaipunguza, na hasara unaiandika mwaka huohuo. Na ukishaipunguza, haipandi tena."

"Hata wakirudi?"

"Hata wakirudi na tarumbeta."

"Na wateja wapya ninaowapata mwenyewe?"

"Hao hawaandikwi. Hukuwanunua."

Niliona hesabu hii haina huruma. Lakini nilikubali.

Mwaka huu akaniambia nianze mapema: nimuulize kila mtu kwenye daftari kama bado yupo, na kama vipimo havijabadilika. Kupiga simu siwezi, nikatuma meseji. Sitini na moja. Zilinichukua wiki tatu. Moja sikutuma. Mnajua ya nani. Niliona kwamba nisipouliza, hakuna kilichopungua.

Halafu wiki iliyopita akaja kijana wa bodaboda na mfuko wa kitenge cha bluu chenye maua ya njano.

"Kimetoka kwa Skola, Misunkumilo. Anataka gauni. Amesema umpigie, kuna kitu kimebadilika. Namba yake mpya hii hapa."

Jamani! Amerudi! (Kitambaa kimerudi. Lakini si ndio mwanzo?)

Niliandika kwenye karatasi maneno ya kusema. "Habari za Misunkumilo. Ni mimi fundi." Nikayasoma mara kumi. Nikabonyeza namba, ikaita mara moja, nikakata. Akanipigia mwenyewe. Nikaitazama simu ikilia mpaka ikanyamaza. Akapiga tena. Nikaiweka chini ya vitambaa.

Nikajiambia, kilichobadilika labda ni rangi ya zipu. Daftari si lipo? Nikafungua ukurasa wa arobaini na moja. Kifua thelathini na nne. Kiuno ishirini na sita. Nikakata kitambaa, nikashona. Sijawahi kushona vile. Kiuno nilikibana vizuri, mshono umelala kama umechorwa. Pindo nilishona kwa mkono. Vifungo sita vidogo mgongoni, kila kimoja nimekivika kitenge chake. Nikatuma meseji: "Gauni tayari. Njoo Alhamisi."

Akajibu: "Bila kunipima? Haya, nakuja."

(Hapo nilipaswa kustuka. Sikustuka. Nilikuwa nasoma "nakuja".)

Leo ndiyo Alhamisi. Na leo, kwa bahati yangu mbaya, ndiyo siku Dada Vumi alikuja kupima kilemba, pamoja na wajumbe wawili wa kikundi, wote akina mama. Mama Gaudensia anayeuza samaki, migebuka ya ziwani, kibaraza cha pili naye akasogeza kigoda chake asipitwe, na kuku wake wa kuuza amemfunga mguuni kwenye benchi langu.

Tukaanza ukurasa wa kwanza.

"Mwalimu wa hesabu?"

"Amehamia Inyonga."

"Kata. Huyu wa kanzu tatu?"

"Siku hizi anavaa mitumba."

"Kata. Mama Gaudensia, kiuno thelathini?"

Mama Gaudensia akaruka. "Thelathini? Hiyo siku hizi ni ya paja!"

"Bado unashona hapa?"

"Nitashona wapi, na huyu mtoto yuko puani kwangu?"

"Basi unabaki. Kipimo kirekebishwe."

Tukaenda hivyo, kata, bakisha, kata, kata. Kila aliyekatwa niliona kama nguzo ya kibaraza inang'olewa. Tukafika arobaini na moja. Nilikuwa nimebana kurasa mbili pamoja kwa pini ili zipite kwa mpigo. Lakini Dada Vumi anahesabu kurasa; akaigusa pini.

"Huyu?"

"Huyo yupo."

"Mara ya mwisho alikuja lini?"

"Alisema atarudi."

"Deus, mdogo wangu. Nimekuuliza alikuja lini, sikukuuliza alisema nini."

Nikamwonyesha gauni kwenye msumari. "Lile pale lake. Anakuja leo."

Wote wakaligeukia. Mjumbe mmoja akashika vile vifungo, akamtazama mwenzake. Dada Vumi akafunga kalamu.

"Vizuri. Likimkaa, anabaki. Tusubiri."

Tukasubiri. Sijawahi kuwa na watu wengi hivyo wanaosubiri kitu nilichokuwa nakisubiri peke yangu.

Saa tano hivi pikipiki ikasimama. Aliyeendesha ni kaka mmoja mrefu; akashuka kwanza, akamshika mkono aliyekaa nyuma, taratibu, kama mtu anayeshusha trei ya mayai. Akashuka Skola. Kicheko kilekile. Mabega yaleyale. Na mbele yake tumbo la miezi saba.

"Fundi," akasema, "si nilikuambia nitarudi?"

Nikasema, "Karibu." Nadhani nilisema. Mama Gaudensia anasema nilisema "Amina".

"Huyu baba watoto," akasema Skola. "Gauni ni la ubatizo wa mtoto wa wifi. Nilikupigia uchukue vipimo vipya, hupokei!"

Nikasema labda asubiri, kuna kitu nataka kurekebisha kidogo. Yeye akasema, "Acha nijaribu," akalichukua, akaingia nyuma ya pazia. Nashukuru Mungu alikuwa na blauzi na khanga ndani.

Nikasikia anahema. Kisha sauti kutoka ndani ya kitambaa:

"Fundi! Limegoma!"

"Shusha polepole!"

"Halishuki! Wala halipandi!"

Wajumbe wakaingia kusaidia. Mmoja anavuta juu, mwingine anavuta chini. Vifungo vyangu vikaanza kuruka, tak, tak. Kamba ya pazia ikakatika. Pazia likamwangukia kuku, kuku akapiga kelele, na pale katikati ya kibaraza akabaki Skola, mikono juu, gauni limemfunika kichwa kama mwavuli, tumbo nje kwenye khanga, anacheka humohumo ndani.

Nilitamani kuingia kwenye droo ya cherehani.

Dada Vumi hakucheka. Akachukua daftari. "Hebu nione ulikata kwa vipimo gani." Akachomoa pini. Akasoma kwa sauti, kama wahasibu wanavyosoma, bila kuruka mstari.

"Kifua thelathini na nne. Kiuno ishirini na sita. Na huku pembeni umeandika... 'Hajarudi.' 'Hajarudi.' 'Hajarudi. Labda baada ya mavuno.' 'Hajarudi.' 'Leo nimesikia mtu anacheka kama yeye. Siyo yeye.' 'Haja...'"

Akalifunika daftari kwa kiganja. Alichelewa.

Ndani ya gauni kicheko kikakoma. Mume akanitazama.

"Fundi, na hicho nacho ni kipimo?"

"Ni... ni gudwili, shemeji."

"Inapimwa kwa futi?"

"Inapimwa kila mwaka."

Mama Gaudensia akaanguka kutoka kwenye kigoda. Yule kaka akafikiri kidogo, akajikuna shingo.

"Pole," akasema. "Mimi aliniambia 'nitakujibu' msimu mzima wa tumbaku."

"Nyie wawili!" sauti ikatoka ndani ya kitenge. "Nitoeni kwanza humu, ndipo mpeane pole!"

Nikachukua mkasi, nikafungua mshono wa kiuno. Ule uliolala kama umechorwa. Akatoka uso umeloa jasho, nywele zimesimama. Akanitazama mara moja, akaangalia chini, kwenye benchi, mahali alipokaa siku ile. Ningeombwa nichague, ningechagua anicheke.

Dada Vumi akanipa kalamu na rula. "Ukurasa huu ukate mwenyewe."

"Si amerudi?"

"Uliyemlipia hakurudi, mdogo wangu. Huyu ni mwingine."

Nikakata. Mstari mmoja, umenyooka. Mimi ni fundi, mistari naiweza.

Skola akavuta khanga yake vizuri, akasogea mbele yangu. "Haya, nipime basi. Bado kitambaa kimebaki?"

Kimebaki. Nikachukua futi. Mume anaangalia, wanawake wanaangalia. Nikaizungusha. Ilipofika mbele, mtoto akapiga teke, futi ikaruka mkononi mwangu.

"Mteja mpya huyo!" Mama Gaudensia akapiga kelele. "Mwandike!"

"Hawaandikwi," nikasema.

Dada Vumi akakohoa, akageukia pembeni. "Kwenye vitabu vyangu. Kwenye daftari lako andika unavyotaka."

Kwa hiyo daftari lina ukurasa mpya wa sitini na tatu. Kiuno arobaini na moja, kwa penseli. Pembeni sijaandika kitu. Kilemba kimebaki kama laki moja, hakipandi tena, na gauni nalifumua tangu saa saba.

Najua mtacheka, chekeni. Ila mkija kushona kwangu, naomba kitu kimoja: msiniambie mtarudi. Nitajieni siku.