Sarafu ya Babu na Mayai Sita

Jumanne, 28 Juni
Maonyesho ya wakusanya sarafu wa Gettysburg ni Jumamosi. Babu Vernon ametoka wa pili miaka mitatu mfululizo, nyuma ya Bwana Hoke, jirani yetu anayechekea puani. Safari hii anapeleka ile sarafu ya fedha ya ukumbusho wa uwanja wetu wa vita: pana kama kisosi, askari kashika bunduki kwa mtutu, tayari kumtwanga mtu kichwani. Nikaichungulia. Balaa! Ukingoni imeota buluu na zambarau kama jicho lililopigwa ngumi. Maskini Babu, macho yamechoka. Nitamsaidia. Kimya kimya, maana kusema na watu kwangu ni kazi.

Jumatano, 29 Juni
Dawa ya meno, mswaki, dakika ishirini. Inang'aa kama sufuria mpya! Nilijiona ndani yake, chunusi na zote. Tayari namsikia Babu hiyo Jumamosi akiutangazia umma: huyu ni mjukuu wangu, Itzel. Hajawahi kunitambulisha kwa mtu. (Nakiri, wageni wakija huwa niko nyuma ya mlango.)

Alhamisi, 30 Juni
Nimekwisha. Kitabu cha Babu, ukurasa wa kwanza kabisa: sarafu HAISUGULIWI. Ile buluu ndiyo uzuri wenyewe! Imejipaka taratibu zaidi ya miaka kumi, mimi nimeiondoa kwa mswaki. Ukurasa wa tisini: yai la kuchemsha huirudishia fedha rangi. Bibi Arlene alikuwa amechemsha sita, ya kulowekwa kwenye siki na bitiruti. Sasa hana. Nimeyaponda yote, nikayafungia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na sarafu. Bibi kamvaa Babu, eti mzee mzima anadokoa kama paka. Babu akaapa kwa jina la mama yake. Mimi nimesoma kwa lugha mbili tangu chekechea. Nilinyamaza kwa zote mbili.

Ijumaa, 1 Julai
Kumbe ni dakika kumi. Mimi nimeacha siku nzima. Nyeusi tititi! Askari kabaki kivuli. Na harufu, yarabi! Nimeirudisha kwenye kasha. Najipa moyo: macho ya Babu yamechoka. Pua, sijui.

Jumamosi, 2 Julai
Ukumbi wa zimamoto, watu tele. Babu akafungua kasha mbele ya waamuzi. Bwana Hoke akainama, akaruka nyuma. "Vernon, sarafu yako imekula nini?" Kicheko ukumbi mzima. Babu hakucheka. Aliitazama sarafu, kisha akautazama mlango. Nyuma yake nilikuwa mimi. Nikatoka. Nikasema yote, mswaki, mayai, paka asiye na hatia, kwa sauti nisiyojua ninayo. Mara mabega ya Babu yakaanza kutikisika: anacheka! Kumbe naye, akiwa na miaka kumi na mmoja, aliisugua sarafu ya baba yake kwa majivu! Akanishika bega. "Jamani, huyu ni mjukuu wangu, Itzel. Ndiye mpishi." Utepe wa buluu wa mshindi kachukua Hoke, tena. Sarafu nimepewa mimi, eti mimi na hiyo tumeshajuana. Nimemwapia Bibi: sitasugua sarafu ya mtu tena maishani.

Jumapili, 3 Julai
Ile tarumbeta ya shaba ya babu yake Babu, pale ukutani, imejaa kutu ya kijani. Aibu! Kesho sikukuu ya uhuru, wageni watajaa. Malimau mawili na chumvi, basi. Tena si sarafu.