Mwanachama wa Tano Ana Homa

Jumatatu, 3 Juni

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Mwanachama wa tano wa kundi letu hayupo. Hajawahi kuwepo. Nilimwandika mimi mwenyewe, kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usifanane na wangu, kwa sababu shule haisajili kundi lenye watu chini ya watano, na nilikuwa nimepata wanne tu, nikijihesabu. Aibu tupu! Sisi ni kundi la kujitolea la kutetea usawa wa kijinsia katika taaluma. Jina letu halikutosha kwenye bango. Neno "taaluma" liko nyuma.

Wengine watatu wapo kweli. Darubini, rafiki yangu wa miwani minene, asiye na mpinzani katika kemia. Hoja, mvulana pekee, anayenyoosha mkono hata tukisalimiana. Na Usingizi, ambaye huja kwa ajili ya feni.

Jumanne, 4 Juni

Muujiza! Kila mwaka mwalimu wa kemia humpeleka mwanafunzi mmoja kukaa wiki nzima kwenye maabara ya chuo kikuu. Miaka sita, wavulana sita. Darubini huwaoshea chupa, maana mwalimu anasema wasichana wana mikono mitulivu. Leo nilisukuma waraka wetu wa kurasa kumi na moja chini ya mlango wake, nikakimbia. Akanifuata hadi kwenye korido. Akasema hajausoma, mama, nani ana muda huo, lakini haya: mwaka huu nafasi ni ya msichana. Tumpelekee jina moja na muhtasari wa kikao halali kabla ya kengele ya mwisho Ijumaa. La sivyo, yeye ana mtu wake.

Nilimweleza Darubini. Alikuwa ameshika chupa yenye povu. Baba yake ameshasema masomo yametosha, akafanye kazi dukani kwa shangazi. Barua ya chuo kikuu tu ndiyo ingemgeuza mzee. Darubini aliiosha chupa ile ile mara tatu.

Jumatano, 5 Juni

Kikao. Ajenda moja: Darubini. Dakika tatu, nilidhani. Hoja akanyoosha mkono. Akasema, mheshimiwa mwenyekiti, ibara ya nne inataka wanachama wote wawepo ndipo kura ipigwe, ili asinyamazishwe mtu. Nani aliandika ibara ya nne? Mimi. Tena kwa machozi ya furaha.

Nikasema Wa Tano ana homa. Usingizi akaamka, mara ya kwanza tangu Januari. Akasema maskini, twendeni tukamjulie hali, tumbebee machungwa. Nikasema homa yenyewe inaambukiza. Hoja akasema atavaa barakoa.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepata mpango! Binamu yangu anauza mkate pale kwenye kona. Nilimbembeleza avae sketi yangu ya shule, akae kikaoni dakika tano, anyooshe mkono mara moja. Alikubali kwa sharti kwamba nimfulie mashuka mwezi mzima. Sketi haikufungika. Tukatia pini.

Aliingia akikohoa, vizuri sana. Usingizi akamkodolea macho, akapiga kelele: dada wa mkate! Umeanza shule lini? Na ule wa jana ulikuwa mkavu kama ubao! Binamu akasahau kukohoa. Akajibu kwamba mkate wake haujawahi kukauka, mtu aende akaulize mtaa mzima. Walibishana robo saa. Pini ikachomoka.

Nikasema amekuja kumwakilisha mgonjwa. Hoja akafungua katiba. Ibara ya tisa inakataza wawakilishi. Mwandiko ni wangu, nimepigia mstari mara mbili.

Darubini aliokota pini, akanirudishia.

Ijumaa, 7 Juni

Darubini alinisubiri kwenye ngazi. Hoja na Usingizi walikuwa hapo chini. Akaniuliza taratibu, shoga, huyu mtu yupo? Neno moja tu lilitakiwa. Tungekuwa wanne, wote tupo, kura ingepigwa pale pale. Lilinifika kwenye ulimi. Nikaliona kundi limefutwa, mimi nimesimamishwa mbele ya shule nzima, macho yote kwangu. Nikasema anaendelea vizuri, Jumatatu atakuja. Darubini akasema, Jumatatu. Akashuka.

Kengele ya mwisho ililia nikiwa bado nimeshika ukuta.

Mwalimu amebandika jina. Ni yule mvulana aliyewahi kumuuliza Darubini maji ya moto huchemka saa ngapi. Nilimwona Darubini kupitia dirisha la maabara. Anamwoshea chupa za safari.

Sili. Mama ameuliza, mwanangu, una nini? Nikasema hesabu.

Jumatatu, 10 Juni

Darubini hakuja kikaoni. Kadi yake ya uanachama imeletwa na Usingizi, bado ina unyevu wa sabuni. Ameanza kwenda dukani kwa shangazi kila jioni. Kisha Usingizi naye akarudisha yake, kwa sababu feni imeharibika.

Hoja amebaki. Alisema kwa masikitiko kwamba sasa tuko watatu: mimi, yeye na Wa Tano. Akaongeza kwamba kati yetu sote, Wa Tano ndiye ambaye hajalalamika hata siku moja. Akapendekeza tumpe ukatibu.

Nimerudi nyumbani nikakaa mezani. Nilianza kumwandikia Darubini barua. Nilifika kwenye "Mpendwa". Baadaye nikafikiri sana, kosa lilikuwa wapi? Nimelipata: idadi yetu ni ndogo. Nimetoa fomu mbili mpya, nikahamishia kalamu mkono wa kushoto, nikawaandika Wa Sita na Wa Saba. Wa Sita ana mwandiko mzuri kuliko wangu. Ibara ya nne nimeiacha ilivyo, maana ni ibara nzuri. Halafu nikaenda kufua mashuka ya binamu.