Kitinda Mimba wa Marehemu Hermenegildi

Jofrey alikuwa anakunywa chai ya bure bandani kwa Balbina, mkabala na Mahakama ya Mwanzo, aliposikia ndugu wawili wakigombea shamba.

"Chukua upande wa barabarani uuze, dada," alisema Amedeus.

"Nikuachie wa mtoni unaotoa mpunga? Ulinionaje?" akajibu Scolastica.

Marehemu baba yao, Hermenegildi, alikuwa mfanyakazi wa reli, mtu wa safari. Jofrey akaweka kikombe chini. Mtu wa safari hakosi mtoto asiyejulikana, na asiyejulikana anaweza kuwa yeyote mwenye shati safi.

Siku ya kesi akaingia amevaa nyeusi, akaapa, akalia. Alisema alizaliwa Mang'ula mwaka tisini na nane, na mwaka huo wote baba alikuwa akija na samaki.

"Sisi hakutuletea samaki hata siku moja," alisema Scolastica.

"Ndio hao, dada. Walikuwa wanakuja kwetu."

Hakimu akamgeukia mjane, Mama Agnella, ambaye tangu asubuhi alikuwa anakohoa tu.

"Damu ya mume wangu hiyo," mama akasema. "Tazama masikio. Na kwa kuwa ndiye kitinda mimba, mheshimiwa, kwetu kitinda mimba hukaa na mama. Hawa wakiuza, mimi nitakula wapi? Shamba lisiguswe mpaka nife. Huyu alime."

Jofrey alikisikiliza kile kikohozi kama dalali anavyosikiliza injini ya gari bovu. Mama huyu hamalizi masika, akapiga hesabu. Baada ya hapo, theluthi yake sokoni. Hakimu alipoandika hivyo, Jofrey akakubali, akatia saini. Amedeus na Scolastica wakaondoka kwa bodaboda moja, wamepatanishwa na hasara.

Shambani mama hakukohoa tena. Mpunga ulikuwa umetoa masuke, akamkabidhi Jofrey kombeo aamie ndege, kuanzia alfajiri mpaka giza.

Mgongo ulipomshinda, Jofrey akaja na sauti ya asali. "Shikamoo mama. Niruhusu nifike mjini mara moja."

"Marahaba. Mwaka tisini na nane mume wangu alikuwa hospitali, mwaka mzima, mguu umening'inizwa juu. Uji nilimnywesha mimi. Sasa huko mjini, utapita kwa hakimu wewe, au nipite mimi?"

Jofrey akatazama barabara, kisha kombeo.

"Ndege hao, baba," akasema mama. "Upande wa mtoni."