Masaji ya Chumba kwa Chumba

Nzau alikuwa amekaa kwenye ukumbi wa hoteli moja mjini Kitui, akimalizia chai ya mtu aliyetoka nje kupokea simu, aliposikia mama mmoja mnene akimwuliza Yvonne wa mapokezi:

"Hamna mtu wa masaji wa kuja chumbani? Viti vya hii semina vimeniua mgongo."

"Kwa sasa hatuna, mama. Labda nikutafutie mjini."

"Ya nini kutafuta?" Nzau akasimama. "Mtaalamu ndiye huyu. Nipe dakika nikachukue vifaa."

Kusema kweli, Nzau hakuwa amewahi kukanda chochote isipokuwa unga wa chapati, na wenyewe ulimshinda. Lakini siku hiyo alikuwa na shida. Kesho yake alitakiwa Kilungu, kwa kina Wavinya, na mbuzi watatu wa ntheo, wale wa kubishia hodi ya uchumba. Mbuzi walikuwa sokoni kwa mzee Kyule wakingoja pesa. Soko likifungwa, wanapanda lori la Nairobi. Na Wavinya alishampigia simu.

"Nzau, baba amechoka na hadithi. Kuna mwalimu ameshanunua kamba, amebakisha mbuzi tu. Kesho uje nao au usije kabisa."

Wavinya ndiye mtu pekee duniani ambaye Nzau hakuwa akimdanganya. Alijaribu sana, akashindwa.

Mpango ulikuwa safi. Mteja analala kifudifudi, taulo usoni, anaambiwa asitikisike mpaka mafuta yaingie mwilini. Mafuta yanaingia, Nzau anatoka, mkoba kwapani. Nani atakwenda polisi? Mke wa mzee wa kanisa, kwa mfano, atamwambiaje mumewe kwamba aliibiwa akiwa amevaa taulo peke yake, mbele ya mwanamume asiyemjua hata jina? Nzau aliiheshimu sana aibu ya watu. Ndiyo iliyokuwa mtaji wake.

Akaazima koti jeupe kwa muuza nyama, doa la damu akalifunika kwa kalamu mfukoni, akanunua chupa ya mafuta ya alizeti, akapanda ngazi.

Mama huyo aliitwa Mama Mukami, mfanyabiashara wa mitumba pale Kambu.

"Simu, pete, pesa, vyote weka kwa mkoba, mama," Nzau akasema kwa sauti ya daktari. "Halafu mkoba uweke mbali. Chuma kinavuta damu."

"Kumbe!" Mama Mukami akajaza mkoba, akaufunga, akaulalia. "Haya, daktari. Anza."

"Mama, nimesema mbali."

"Mbali na mgongo, si ndiyo? Huku ni tumboni."

Nzau akakanda. Akakanda mabega, akakanda kiuno, akingoja mama alegee. "Sasa geuka, ulale chali." Mama akageuka, na mkoba ukageuka naye kama mtoto anayenyonya. Akamrudisha kifudifudi, mkoba ukarudi. Jasho likaanza kudondoka juu ya koti la muuza nyama.

Mama Mukami alikuwa ameuza nguo kando ya barabara ya Mombasa tangu ujana wake. Mtu anayeangalia mkoba kabla ya kuangalia mgongo, alimjua akiwa bado mlangoni.

"Una mikono, kijana," akasema akiinuka. "Wenzangu wa chama wamejaa vyumba vya upande huu wote, na wote wanalia mgongo. Ngoja niwaambie. Malipo utapewa mwisho, pamoja."

Moyo wa Nzau ukaruka. Vyumba vingi, mikoba mingi! Hapakosi mwenye mkoba mmoja mjinga.

Chumba cha kwanza, Mama Nduku alikuwa ameshalala tayari, mkoba chini ya tumbo.

"Mwaitu, mama yangu, mkoba weka mezani," Nzau akambembeleza.

"Wee! Mama Mukami ametuambia ndiyo dawa yenyewe. Bila mkoba tumboni haishiki. Kanda hapa, karibu na bega. Si hapo. Hapo!"

Chumba cha pili mkoba tumboni. Cha tatu mkoba tumboni, na mwenyewe akiimba pambio. Hadi anamaliza chumba cha mwisho, vidole vya Nzau vilikuwa vimefura kama ndizi za kuiva, na hakuwa ameiba hata kitana.

"Sasa, akina mama," akawaambia kwa heshima walipokusanyika koridoni, "ile pesa yangu..."

"Si tumempa Mama Mukami kabla hujaingia? Alisema wewe ni mfanyakazi wake."

Nzau akashuka ngazi mbio. Yvonne akamtazama kwa huruma.

"Ameondoka kitambo na gari lake. Ameacha salamu. Anasema eti chuma kinavuta damu."

Sokoni, lori lilikuwa linapakia. Mzee Kyule alikuwa ameketi juu ya gunia, uso umeelekea kushoto, haugeuki. Mchana huo beberu alikuwa amempiga kumbo, shingo ikakwama hivyo hivyo.

"Nani huyo?" akauliza, akiutazama ukuta.

"Ni Nzau, mzee. Pesa bado, lakini hii mikono yangu inakanda."

"Ukirudisha hii shingo, chukua mbuzi wako, utalipa polepole."

Hapo mtu mwingine angemshukuru Mungu na kukanda. Nzau naye alikanda, lakini kwa mkono wa kushoto, kwa sababu upande wa kulia, kwenye mti wa zizi, lilining'inia koti la Kyule lenye mauzo ya siku nzima. Mkono wa kulia ukaingia mfukoni. Ukazishika noti. Halafu ukagoma kutoka. Kwa ule uvimbe, mfuko ulikuwa umeubana kama mtego wa panya. Nzau akavuta. Katika kuvuta, mkono wa kushoto ukakaza shingo.

Ka!

Shingo ikafunguka. Kyule akageuka kulia taratibu, kwa raha, akautazama mkono.

"Imepona," akasema.

"Asante Mungu, mzee."

"Na mkono?"

"Umekwama."

Kyule hakupiga kelele. Angepiga, soko lingemla Nzau mzima. "Nilisema mbuzi uchukue, utawachukua," akasema. "Lakini naenda nao."

Kesho yake Kilungu, mbuzi wakafika, Nzau akafika, na Kyule nyuma yao akiangalia kila upande. Baba yake Wavinya akawahesabu mbuzi, akaketi na wazee, akauliza swali ambalo Nzau alikuwa ameliandalia majibu mazuri sana.

"Huyu kijana anafanya kazi gani?"

"Anakanda watu," Kyule akajibu kabla yake. "Ni wangu kila siku ya soko, mpaka nimwambie basi."

Wazee wakatazamana. Baba yake Wavinya akaanza kukunja suruali mpaka juu ya goti. Mzee wa pembeni akavua koti, akajishika kiuno. Wengine nao wakavua.

Wavinya akaleta mafuta, akamwekea Nzau miguuni. Halafu akakusanya makoti yote ya wazee, akayapeleka ndani, akafunga mlango kwa ufunguo.