Njugu za Mama na Itifaki Yangu

Jumapili, 11 Mei

Sijawahi kumwambia mtu hili: kwenye mazishi huwa sisikilizi maisha ya marehemu. Nasikiliza itifaki. Nani ametajwa kwanza, nani amerukwa, nani amenuna. Nataka kuwa mwandishi wa hotuba.

Leo Mungu amenikumbuka. Jumamosi, kamati ya biashara ya Afrika Mashariki itakuja Eldoret kusikiliza wafanyabiashara wadogo na vibarua. Wauza nafaka wamemchagua Mama. Wapakuzi wa malori wamemchagua Mzee Mabonga, jirani yetu hapa Kiplombe. Kila mmoja dakika tatu.

Lori lenye njugu za Mama kutoka Uganda limekwama mpakani. Sampuli zimepelekwa mbali kupimwa sumu ya ukungu, na mvua haiachi. Mama anataka mashine ya kupimia iwekwe palepale mpakani. Njugu zikioza, atarudi kufulia watu nguo Kapsoya. Alisema hivyo akichambua mboga, bila kuniangalia.

Nikaomba kumwandikia hotuba. Amekubali!

Jumanne, 13 Mei

Jelagat wa chama cha mdahalo shuleni anamwandikia Mzee Mabonga. Amenionyesha. Mistari minne. Hakuna hata "waheshimiwa". Nilimwonea huruma.

Akauliza kama njugu ziko ukurasa wa kwanza. Nilimjibu kwamba mgeni haingii kwa watu akaanza kwa kuomba chai. Alinitazama sana. Wivu.

Alhamisi, 15 Mei

Sikulala vizuri. Je, naibu wa chifu akihudhuria? Nimemwongeza. Pia mke wa mchungaji, mwenye ukumbi na wapishi.

Nilimsomea Mama akisonga ugali. Aliuliza njugu ziko wapi. Nikasema ukurasa wa tatu. Akasema sawa, mimi ndiye niliyesoma.

Jumamosi, 17 Mei

Mama alivaa suti yake ya kanisa. Alisoma vizuri sana, polepole, kama nilivyomfundisha. Hakuruka mtu. Kengele ya dakika tatu ililia akiwa bado anawasalimia wapiga picha.

Alifunua ukurasa, akafunua mwingine, akizitafuta njugu. Mwenyekiti alimshukuru kwa salamu njema. Watu wakacheka. Mama akaketi.

Akasimama Mzee Mabonga, karatasi ikiwa bado mfukoni.

"Naitwa Mabonga. Napakua malori. Lori la huyu mama limekwama mpakani, njugu zinaoza, na mimi sina gunia la kubeba. Leteni mashine ya kupima hapo mpakani."

Akaketi. Wote waliandika. Mwenyekiti akasema mwenye njugu alete maelezo yake Jumatano, ukurasa mmoja tu.

Nje, Mzee Mabonga alimshika Mama mkono. "Mama Wangila, huyu kijana wako amesalimia mpaka swichi za ukuta."

Mama alicheka pamoja na wengine. Tulipobaki wawili barabarani hakucheka tena.

"Wangila, nilikuwa nimewaambia wenzangu kwamba nitasema."

Nilimbebea mkoba mpaka nyumbani.

Jumapili, 18 Mei

Mvua tena. Lori bado.

Baada ya kanisa Mama aliniletea karatasi moja, akaifuta meza kwa kanga yake. Alisema nianze na njugu. Nikaahidi, na nilimaanisha.

Nimewaza sana kosa lilikuwa wapi. Nimeliona. Mama alisoma polepole mno. Karatasi haina kengele.

Basi niliketi nikaandika kwa herufi ndogo. Mwenyekiti. Makamu wake. Katibu. Wajumbe wa kila nchi, kwa mpangilio wa alfabeti ili asinune mtu. Fundi atakayeletwa kuendesha mashine, maana naye ni mtu. Nilipoandika "Baada ya salamu hizo chache", ukurasa ulikuwa umejaa.

Nikavaa viatu, nikaenda dukani kununua karatasi nyingine.